Uzito Uko kwenye Besi

Vijana wawili walinijia na diski iliyojaa magitaa. Walikuwa wamerekodi wimbo mmoja wa metali chumbani kwao, traki nane za gitaa la ridhimu, kila moja geini imesukumwa hadi mwisho. Ukisikiliza moja peke yake, inatisha. Ukizicheza zote nane pamoja na dramu, unasikia nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. "Mzee, tunataka ziwe nzito zaidi," wakaniambia. Nikawauliza besi iko wapi. Wakatazamana. Besi ilikuwapo, chini kabisa ya orodha ya traki. Ilipigwa usiku wa mwisho na mpiga gitaa kwa kuwa mwenye besi alikuwa na mtihani, kisha ikashushwa mpaka haisikiki, eti isifunike magitaa.

Sikuwacheka, maana miaka mingi nami nilifanya hivyo hivyo. Sikio linadanganyika kirahisi. Unaposikia ule ukuta wa sauti kwenye rekodi za bendi kubwa, unadhani ni gitaa. Kumbe ni gitaa na besi vilivyoungana hadi vikawa chombo kimoja, na ile sehemu inayokugonga kifuani ni ya besi. Gitaa linatoa makali tu, kama meno ya msumeno. Mkono unaousukuma msumeno uko kwingine.

Ukitaka ushahidi, zitazame namba. Uzi mnene wa gitaa lililotuniwa kawaida, yaani E, hutetema mara 82 kwa sekunde. Uzi kama huo kwenye besi hutetema mara 41. Ukilishusha gitaa hadi C, kama wengi wa muziki huu wanavyofanya, uzi mnene unafika kwenye Hz 65. Sasa fikiria dramu ya mguu, ambayo nguvu yake mara nyingi huwa kati ya 50 na 80. Kila kitu kinataka kukaa kwenye kiti kimoja. Ukiliacha gitaa linenepe huko chini, besi haina pa kukaa na dramu ya mguu inageuka kishindo cha godoro. Ndiyo maana gitaa zuri la metali, ukilisikiliza peke yake, huwa jembamba kuliko ulivyotarajia, hata linakatisha tamaa kidogo. Usilinenepeshe. Unene wake utaletwa na besi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Ukipiga E pamoja na noti ya tano yake, B, una Hz 82 na Hz 123. Sauti hizo mbili zikipita pamoja ndani ya mkwaruzo wa amplifaya, zinazaa sauti nyingine ambazo hukuzipiga, na mojawapo ni tofauti kati yao: 41. Hiyo ni E ya besi kabisa! Kwa hiyo nyuzi mbili tu, zikitiwa mkwaruzo, zinajitengenezea kivuli cha besi chini yao. Rifu nyingi za muziki huu zimejengwa juu ya umbo hilo, na ukiongeza noti ya tatu katikati kila kitu kinageuka uji, kwa sababu hiyo hiyo. Na gitaa likiwa halijatuniwa vizuri, hicho kivuli nacho kinayumba. Hakuna kitufe kwenye kompyuta kitakachokiponya baadaye.

Basi tuanzie kwenye gitaa lenyewe, kabla hata hujawasha kompyuta.

Badilisha nyuzi. Najua bei yake, na najua kwamba seti moja inaweza kuwa pesa ya chakula cha siku mbili. Lakini nyuzi zilizokufa zimepoteza ule mlio wa juu unaofanya kila noti isikike imeanza wapi. Kama unashuka hadi C, usitumie seti nyepesi ya 10 hadi 46; italegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kila ukiipiga kwa nguvu noti inapanda kwanza kisha inarudi. Tafuta seti ambayo uzi wake mnene ni 54 au 56. Kisha hakikisha urefu wa kila uzi umerekebishwa pale kwenye daraja, ili noti ya freti ya 12 ifanane na ya uzi mtupu, ila tu iwe oktava moja juu. Kila ukibadilisha unene wa nyuzi au ukishusha tuni, kazi hiyo irudiwe. Pia tuni kwa nguvu ile ile utakayotumia kupiga. Watu hubembeleza uzi wakati wa kutuni, halafu kwenye rekodi wanaupiga kama wanapasua kuni, kisha wanashangaa mbona wimbo mzima uko juu kidogo.

Kushusha tuni kwenyewe katika metali kulianza kwa sababu ya maumivu zaidi ya sauti. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani huko Birmingham ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo ni mkono ule ule unaobonyeza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, akavivisha ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili asiumie. Katika albamu ya Master of Reality ya 1971, nyimbo kadhaa zimeshushwa nusu toni tatu. Geezer Butler akaishusha besi naye. Sikiliza albamu hiyo, na kwa makusudi usilifuate gitaa, mfuate Butler. Utaona kwamba yeye hakai nyuma ya rifu. Anapiga rifu ile ile, na nafasi zinazobaki anazijaza kwa noti zake mwenyewe.

Mvumo sasa. Umeme wetu ni wa Hz 50, na hilo lina maana kwako kuliko unavyofikiri. G ya chini ya besi ni Hz 49. Yaani ule mvumo wa umeme unaoingia kwenye pikapu (si ile ya kubebea mchanga) umekaa karibu kabisa na noti halisi ya muziki, na ndugu yake wa Hz 100 amekaa karibu na G inayofuata. Ukijaribu kuukata kwa ikwalaiza unakata na muziki. Afadhali uuzuie mlangoni. Tumia gitaa lenye pikapu za koili mbili. Zima taa za mirija na zile zinazopunguzwa mwanga kwa kitufe. Simu iende chumba kingine, si mfukoni. Kaa mbali na skrini, kisha geuka polepole ukiwa umeshika gitaa huku unasikiliza. Kuna upande mmoja wa chumba ambako mvumo hupungua ghafla, na hapo ndipo kiti chako kiwekwe. Ukitumia kompyuta ya mapajani, chomoa chaja. Ndiyo, stima ikipotea Nairobi huwa nafurahi kidogo, kwa sababu kompyuta ikiwa kwenye betri rekodi huwa safi kuliko kawaida. Kitu kimoja tu sitaki kukusikia umekifanya: kukata mguu wa athi (ule wa ardhi) kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Watu wamekufa wakiwa wameshika gitaa huku mdomo ukiwa kwenye maiki. Mvumo haujawahi kumuua mtu.

Tuje kwenye geini, ambapo ugomvi mwingi wa studio huanzia.

Mpiga gitaa akiwa peke yake chumbani huhitaji geini nyingi, maana ndiyo inayomjazia sauti. Kwenye rekodi mambo hubadilika. Utapiga rifu hiyo mara mbili, pengine mara nne, na kila traki inaleta mkwaruzo wake. Mikwaruzo hiyo ikijumlishwa, ule mgongano wa kwanza wa piki na uzi unazama. Bila mgongano huo sikio halijui noti imeanzia wapi, na muziki unapoteza mguu. Kwa hiyo fanya hivi: weka geini pale unapoipenda, halafu irudishe nyuma mpaka uanze kuhisi kwamba mkono unafanya kazi. Hapo ndipo pake. Utalalamika kwamba ni kavu. Piga traki ya pili, upeleke moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa, na malalamiko yatakwisha.

Halafu kuna ujanja wa pedali ya kijani. Ibanez Tube Screamer na jamaa zake wote hutumiwa kwenye metali kinyume na ilivyokusudiwa. Kitufe cha mkwaruzo kinawekwa sifuri au karibu na sifuri, sauti inapandishwa sana, toni inakaa katikati. Pedali hiyo haileti mkwaruzo hapo. Kazi yake ni kupunguza sauti za chini kabla hazijafika kwenye amplifaya, na kuisukuma mbele ile ya katikati. Mantiki ni rahisi: sauti za chini zikiingia kwenye mkwaruzo zikiwa nyingi, zinatoka matope, na matope hayachujiki tena. Zikipunguzwa kabla, amplifaya inakaza, na rifu za kuziba nyuzi kwa kiganja zinatoka zimekatika kama zilizokatwa kwa kisu. Huna pedali? Weka kichujio kwenye programu, kabla ya amplifaya, ukate yaliyo chini ya Hz 100 hivi au hata zaidi. Mpangilio ndio muhimu: kabla ya mkwaruzo, na si baada yake tu.

Kila kanuni ina mkorofi wake. Stockholm, katika studio ya Sunlight, Tomas Skogsberg alirekodi bendi ya Entombed kwa pedali ya Boss HM-2 ambayo vitufe vyake vyote vimezungushwa hadi mwisho. Albamu ya Left Hand Path ya 1990 ikatoka na sauti kama ya msumeno wa mashine unaokata gogo bichi, na vijana wa nchi nyingi wakaanza kuitafuta pedali hiyo hiyo, ambayo siku hizo haikuwa na heshima yoyote. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kuvunja yote niliyosema. Ila tambua kwamba Skogsberg alikuwa na sauti moja kichwani na akaifuata mpaka mwisho. Wale vijana wangu wawili hawakuwa wamechagua kitu, waliongeza tu.

Mkono ni muhimu kuliko vifaa vyote nilivyotaja, na hili ndilo watu hawapendi kulisikia kwa sababu haliuzwi dukani. Piki iwe nene, isiyopinda, na ishikwe karibu na ncha. Kiganja kinachoziba nyuzi kikae pale pale daima, juu ya daraja. Kikisogea nusu sentimita tu mlio unabadilika, na traki za kushoto na kulia zinaacha kufanana. Rifu yenye mapigo ya kushuka tu irekodiwe kwa mapigo ya kushuka tu, hata kama mkono unawaka moto. Kushuka na kupanda havitoi mlio mmoja. James Hetfield wa Metallica amejijengea jina kwa mkono huo wa kulia, na akiwa studio amezoea kurudia traki za ridhimu yeye mwenyewe, kwa sababu mkono mmoja hujifuata vizuri kuliko mikono miwili tofauti.

Na tafadhali usinakili. Traki ya kushoto ukiinakili na kuipeleka kulia, hupati upana wowote. Unapata sauti ile ile katikati, imepanda kidogo. Ukiisogeza nyuma kidogo ili zitofautiane, unapata mwangwi wa mtungi. Upana unatokana na zile tofauti ndogo ndogo za mtu aliyepiga mara mbili kwa uaminifu. Piga tena. Ukishindwa kuipiga mara mbili sawasawa, basi bado hujaijua, na afadhali uijue leo kuliko siku ya onyesho.

Kama una amplifaya na kabati la spika, maiki moja inatosha, na Shure SM57, iliyo sokoni tangu 1965, haijaacha kuwa jibu la kwanza. Usiielekeze katikati kabisa ya spika ukadhani umemaliza. Pale katikati mlio ni mkali, unachoma. Ukiisogeza pembeni unakuwa mnene na mweusi. Mahali pazuri mara nyingi ni pale kile kikofia cha katikati kinapokutana na karatasi ya spika, maiki ikiwa sentimita mbili au tatu kutoka kwenye kitambaa. Mtu mmoja apige, mwingine avae hedifoni chumba cha pili, na wa tatu, kama yupo, aisogeze maiki kidogo kidogo. Sentimita moja huleta tofauti kubwa kuliko kitufe chochote cha ikwalaiza. Nimewahi kutumia saa nzima hapo, mpiga gitaa akinuna, halafu kwenye miksi nisiguse kitu.

Ukiongeza maiki ya pili, angalia awamu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Maiki moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa sentimita tatu na nusu hivi, inachelewa sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na hiyo inatosha kufuta sauti zilizo karibu na Hz 5,000, yaani pale pale penye makali ya gitaa. Ndiyo maana watu huongeza maiki na mlio ukazidi kuwa dhaifu. Njia iliyoenea kutoka studio ya Fredman ya Gothenburg, ya Fredrik Nordström, inatumia SM57 mbili zilizogusana vichwa, moja ikitazama spika moja kwa moja na nyingine imeinamishwa digrii 45 hivi. Vichwa vikiwa pamoja umbali unafanana, na uwiano kati ya ukali na unene unaupanga kwa vitufe viwili tu vya sauti kwenye mikseri.

Lakini wengi wenu hamna kabati, na majirani wasingelivumilia. Haidhuru. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya nje, ndani ya tundu lililowekewa alama ya ala, si lile la maiki, na uweke kiwango ili vilele vya mapigo makali vibaki desibeli sita hadi kumi na mbili chini ya sifuri. Rekodi kwa biti 24. Hiyo ni sauti kavu, na usiifute kamwe hata kama umetumia amplifaya halisi, kwa sababu kesho unaweza kuirudisha kwenye amplifaya nyingine bila kumsumbua mpigaji. Kisha pakia programu ya kuiga amplifaya. Neural Amp Modeler ni ya bure na ni nzuri kupita kiasi. Watu duniani kote wamenasa amplifaya zao na kuzigawa humo. Faili za IR, ambazo ni picha ya sauti ya kabati na maiki, nazo zipo nyingi za bure. Nikushauri kitu kimoja: tumia muda mwingi kuchagua IR kuliko kuchagua amplifaya. Kabati na spika ndivyo vinavyoamua mlio kwa sehemu kubwa, na watu hubadilisha amplifaya 20 juu ya kabati moja baya. Hakikisha pia hujawasha kabati mbili kwa wakati mmoja, lile la ndani ya programu na la IR yako. Gitaa litasikika kama limefunikwa blanketi, na utaumiza kichwa usiku kucha ukitafuta sababu.

Wanaodhani hii ni njia ya wasio na uwezo wawasikilize Duma, wale wawili wa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ule uzito wao, unaochanganya kelele za grindcore na midundo ya elektroniki, haukusubiri ukuta wa makabati ya spika.

Nimeiacha besi hadi sasa kwa kusudi, ingawa kwenye kazi yenyewe mimi huirekodi mapema, mara baada ya dramu. Kwa kawaida watu hupiga magitaa kwanza, besi inakuja kutafuta nafasi iliyobaki, haiipati. Ukianza na dramu na besi, kisha ukaingiza gitaa moja tu lenye geini ndogo, utashangaa jinsi wimbo ulivyokwisha kuwa mzito. Unajua mapema kwamba huhitaji traki nane.

Katika muziki wa dansi tuliolelewa nao, besi huzungumza yenyewe. Ina wimbo wake, inajibizana na tumba, na gitaa la solo linapaa juu likiwa safi bila mkwaruzo. Mpiga besi wetu akija kwenye metali huleta mazoea hayo mazuri, ya vidole laini na nyuzi ambazo hazijabadilishwa tangu harusi ya mjomba. Hapa anahitaji kingine. Nyuzi mpya za chuma, zenye mzunguko unaokwaruza kidole, kwa sababu tunataka ule mlio wa waya. Piki, au vidole vinavyopiga kwa nguvu karibu na daraja. Na usawa: kila pigo nguvu ile ile. Noti moja dhaifu katika nne, na ukuta mzima unaonekana umetobolewa. Lemmy wa Motörhead aliipiga besi yake ya Rickenbacker kama gitaa la ridhimu, kupitia amplifaya za Marshall zenye mkwaruzo, na bendi ya watu watatu ikasikika kama jeshi.

Urefu wa noti ni nusu ya kazi. Gitaa likikatika, besi ikatike hapo hapo. Ukimya kati ya mapigo ndio unaofanya mapigo yaonekane makubwa, na besi inayoendelea kunguruma wakati magitaa yamenyamaza inaujaza ukimya huo matope. Mimi huketi na mpiga besi na mpiga gitaa pamoja, nyuzi mkononi bila amplifaya, warudie rifu mpaka wakatike kwa pumzi moja. Dakika 30 za hapo zinaokoa siku mbili za kukata na kubandika kwenye kompyuta.

Irekodi besi ikiwa kavu, moja kwa moja kwenye kadi ya sauti. Kisha ukishaipata, izalishe traki mbili kutoka kwenye hiyo moja. Hapa kunakili kunaruhusiwa, na ni lazima. Traki ya kwanza ibaki safi, ukate kila kilicho juu ya Hz 200 au 250, halafu uipige kompresa kwa nguvu, hata uwiano wa nane kwa moja, mpaka isimame kama nguzo isiyopanda wala kushuka. Hiyo ndiyo sakafu. Traki ya pili ukate kilicho chini ya 200 au 250, uipitishe kwenye mkwaruzo mzito, pedali au programu, na baada ya mkwaruzo uchuje ule ukali wa juu unaofanana na nzi. Isikilize peke yake. Ni mbaya, inachukiza. Sasa ifungulie taratibu chini ya magitaa. Kuna mahali ambapo ghafla magitaa yanaota misuli, na hakuna msikilizaji atakayejua kwamba ni besi. Sehemu yake iliyo kati ya Hz 700 na 1,500 ndiyo inayoungana na nyuzi za gitaa na kuzifanya zingurume.

Tahadhari moja. Programu za mkwaruzo huchelewesha sauti kidogo, na si kila programu ya kurekodi inaufidia ucheleweshaji huo. Traki mbili za besi zikiachana hata kidogo, pale zinapokutana zinakulana. Geuza awamu ya mojawapo usikilize: kama besi inanenepa badala ya kukonda, kuna tatizo, sogeza traki mpaka zikae sawa.

Anayetaka kusikia muziki huu ukiwa bila besi, rekodi yake ipo. Metallica walitoa ...And Justice for All mwaka 1988, albamu yao ya kwanza kamili na mpiga besi Jason Newsted baada ya kifo cha mpiga besi wa kabla yake, Cliff Burton, na katika miksi yake besi karibu haisikiki. Nyimbo ni kali, upigaji ni wa ajabu, na magitaa yamekauka kama mbao zilizokaa juani. Wapo wanaoipenda hivyo hivyo. Mimi kila nikiisikiliza najikuta nasogeza kitufe cha besi kwenye redio, na hakuna kinachokuja.

Kwenye miksi sina mengi. Ukifanya vizuri huko nyuma, hapa unasafisha tu. Gitaa likatwe chini ya Hz 80 hadi 100, na juu ya 10,000 hivi. Tafuta ule mluzi mwembamba unaokaa kati ya 3,000 na 5,000, ukate kidogo sana mahali penyewe, na usilikate eneo zima maana ndipo ulipo uhai. Usiyachimbe masafa ya kati ukabakiza chini na juu, ule mtindo wa tabasamu kwenye ikwalaiza. Chumbani unapendeza, kwenye bendi gitaa linapotea kabisa. Amua kama dramu ya mguu itakaa chini ya besi au juu yake, kisha ushikilie uamuzi huo wimbo mzima. Na fanya kazi kwa sauti ndogo. Sauti kubwa hulifanya sikio lisikie chini na juu zaidi ya zilivyo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kizito usiku, na asubuhi hakipo.

Baada ya hapo ipeleke mahali pawili. Kwanza kwenye spika ya simu, ambayo haina besi hata kidogo: kama rifu haifuatiliki hapo, ile traki chafu ya besi iko chini mno au geini ya gitaa ni nyingi. Kisha umwombe dereva wa matatu mwenye moyo, mojawapo ya zile zenye masabufa chini ya viti, akuchezee akiwa amesimama stendi. Hapo sakafu yako itajulikana kama ni saruji au ni udongo.

Wale vijana wawili walirudi wiki ya tatu, wakiwa watatu, mwenye besi akiwa amemaliza mtihani wake. Tulifuta magitaa sita kati ya manane na kurudia mawili yaliyobaki kwa geini iliyopunguzwa karibu nusu. Besi ilichukua jioni mbili. Tulipoicheza yote, mpiga gitaa alivua hedifoni akaniuliza nimemwekea amplifaya gani mpya.